Namsikia wa Marquesas vizuri, yeye hanisikii. Nakosea wapi?

Mtoto_wa_Chumbageni (Tanga)

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za jioni.

Nina leseni ya redio ya ridhaa, mwaka wa pili huu. Redio yangu ni ya mtumba, wati 100, naiendesha kwa betri ya gari ya N70. Antena ni dipoli ya waya ya bendi ya mita 20. Upande mmoja nimeufunga kwenye mwembe ulio kibla ya nyumba, upande wa pili kwenye nguzo ya banda la jiko, kusini. Kutoka chini ni kama mita 6. Kwa antena hiyo nimeshapata India, Japani, Indonesia na Brazili, nyingine sihesabu tena. Afrika Kusini tu ndiyo huwa dhaifu, na sijui kwa nini maana ni karibu.

Sasa wiki hii kuna kituo kutoka visiwa vya Marquesas, kule Pasifiki, kolisaini (jina la kituo hewani) inaanza na FO. Yuko megahezi 14.195, sauti ya kawaida siyo Morse. Kila jioni kuanzia kama 12:10 namsikia, si kwa nguvu lakini kila neno linaeleweka. Naita, naita, koo linakauka. Jumamosi nimeita dakika arobaini bila kupumzika. Hakusema hata "rudia". Badala yake kuna watu wengine wakaanza kunifokea, mmoja anasema "up, up, up!", mwingine anapiga mluzi, mwingine katukana kwa lugha nadhani ni Kiitaliano. Mke wangu akaja mlangoni kuuliza nimegombana na nani.

Ni wati hazitoshi? Ni antena? Au kuna ufundi wa kuwapata hawa wa mbali ambao mimi sijaambiwa?

---

Fundi_Ujiji (Kigoma)

Mdogo wangu, tafuta amplifaya. Wati 100 kwenye fujo kama ile ni sawa na kunong'ona sokoni. Kuna Warusi na Wamarekani wana kilowati na antena za mnara, wewe na waya wa mwembe utapita wapi?

Halafu kabla hujalala, zima meni swichi ya nyumba, redio ibaki kwenye betri peke yake, usikilize kelele zinashuka kiasi gani. Mimi nilihangaika mwaka mzima na mngurumo wa S7 (S ni alama za nguvu kwenye mshale wa redio), nikamlaumu kila mtu. Kumbe ni taa za LED kwenye banda la vifaranga la jirani. Nilimnunulia balbu nyingine kwa pesa yangu, kelele zikashuka hadi S3. Yeye mpaka leo anadhani ni sadaka.

---

Mzee_wa_Kibokoni (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Mwambie mkeo kwamba kweli kulikuwa na ugomvi, na aliyeuanzisha ni wewe.

Huyo wa Marquesas anasema kwenye 14.195, lakini hasikilizi hapo. Kila baada ya mwito wake husema "up", yaani nitafuteni juu zaidi, kuanzia 14.200 hivi hadi 14.210. Wewe ulikuwa unaita palepale anaposema. Yeye hakukusikia kwa sababu sikio lake halipo hapo. Waliokusikia ni wale mamia wanaomtegea, kila ukifungua mdomo unamfunika. Dakika arobaini! Wallahi, Mwitaliano yule alikuwa mvumilivu.

Redio yako ina VFO mbili, yaani sehemu mbili za kuwekea masafa, A na B. Weka A kwenye 14.195 ya kumsikiliza, B kwenye 14.203 au popote utakapochagua ya kuitia, kisha bonyeza spliti. Taa yake iwake. Kabla ya kuita itazame tena ile taa. Mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii na bado siku nyingine huisahau.

Hilo la kwanza, na ni jepesi. La pili ndilo lenyewe.

Nilikuwa afisa wa redio melini tangu 1980 hadi 1999, mwaka ambao GMDSS, mfumo mpya wa mawasiliano ya dharura baharini, ulikamilika na Morse ikaondolewa baharini, nasi tukashushwa nayo. Ndani ya chumba cha redio cha kila meli kulikuwa na saa ya ukutani ya namna yake. Usoni mwake imepakwa vipande vinne kama vya keki. Viwili vyekundu, dakika ya 15 hadi ya 18 na dakika ya 45 hadi ya 48. Viwili vya kijani, vya masafa ya sauti. Mshale ukiingia kwenye wekundu, kila meli ya dunia hii iliyo kwenye kilohezi 500 inanyamaza. Una haraka, una mzigo, nahodha anakupigia kelele, unanyamaza. Dakika tatu unasikiliza tu, labda yuko mtu anazama na betri yake imebaki kidogo. Mara mbili kwa saa, mchana na usiku.

Saa hiyo ninayo. Meli yangu ya mwisho ilipouzwa kuwa chuma chakavu niliiomba, nikapewa pamoja na misumari yake. Iko juu ya redio yangu hapa Kibokoni. Pakizuka kituo adimu na watu wakaanza kupiga makelele, mimi huanza kwa kipande chekundu: dakika tatu mkono hauendi kwenye maikrofoni.

Na dakika tatu hizo si za kukaa bure. Nina daftari la hesabu la mtoto, lile la mraba, na penseli. Namsikiliza anayejibiwa ni nani, halafu nazungusha kitufe upesi huko juu nimtafute huyo aliyejibiwa alikuwa amekaa wapi, maana lazima atasema "asante, tano tisa", yaani namna alivyomsikia mwenzake, na hapo ndipo nitamnasa. Naandika. Kurasa zangu huwa hivi:

14.2010 Mjapani
14.2015 Mrusi, nadhani
14.2015 Mjapani
14.2022 Mjerumani
14.2030 simjui
14.2035 Mjapani

Unaona anavyokwenda? Anapanda ngazi, nusu kilohezi, nusu kilohezi na ushei. Akifika 14.210 atashuka chini aanze tena. Sasa watu mia mbili watarukia 14.2035 kwa sababu wamesikia Mjapani kafaulu hapo. Mimi sikimbilii alipo, namtangulia. Nakaa 14.2045, namngojea kama mvuvi anayejua samaki anarudi na maji. Wengine hawapandi ngazi, wanaruka juu na chini, au wamekaa pahala pamoja kwa uvivu. Kila mtu ana mwendo wake, na hauwezi kuujua ukiwa unaita.

Ukiita, ita mara moja. Kolisaini yako yote, polepole, matamshi ya kimataifa, kisha funga mdomo. Usitaje herufi mbili za mwisho peke yake, hiyo ni kumpotezea wakati akuulize tena. Akisema "Japan only" wewe si Mjapani, kanywe kahawa. Akisema amesikia mtu anayeishia na "Kilo", yaani K, na wewe huna Kilo, nyamaza. Wanaoita juu ya zamu za wengine ndio wanaofanya mambo yachukue saa sita badala ya mbili. Na usisahau kuwa 5H, mwanzo wa kolisaini za Tanzania, haisikiki kila siku. Opareta akiinasa katikati ya Wajapani hamsini, ataisimamia. Hiyo ni mali yako, usiitumie kwa papara.

Sasa waya wako. Nimeisoma orodha yako ya vituo mara mbili. India, Japani, Indonesia, Brazili. Mashariki, mashariki, mashariki, magharibi. Dipoli hutupa nguvu zake ubavuni, si kwenye ncha. Waya wako umetoka kibla kwenda kusini, kwa hiyo ubavu wake mmoja unatazama bahari na mwingine unatazama Kongo. Kusini umeipa ncha. Ndiyo maana hata Afrika Kusini unaipata kwa shida.

Marquesas nayo iko wapi? Chukua tufe la shule, weka kidole Tanga, kidole kingine weka upande wa pili kabisa wa dunia. Utaangukia katikati ya Pasifiki, longitudo ya 141 magharibi, kaskazini kidogo ya ikweta. Marquesas iko digrii 14 hivi kusini ya hapo, karibu mstari uleule. Maana yake njia fupi ya kwenda kwake ni kusini moja kwa moja: unapita juu ya Antaktika, unapanda upande wa pili, kilomita 18,400 na ushei. Watu wa Tanga hamna kituo kigumu kuliko wale wa Pasifiki, na wakati huohuo nyinyi na sisi wa Mombasa tuna bahati moja ambayo Mjerumani hana. Magharibi ikiingia kwetu, kwao jua linachomoza. Mwezi huu wa Oktoba ni karibu dakika zilezile. Na kwa kuwa tuko karibu na majira ya usiku na mchana kulingana, mstari wa utusitusi unatoka kwetu unakwenda kusini karibu kabisa na hiyo njia, unafika mpaka kwake. Tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi mchana linakuwa limeshafifia, na la juu linaloyarudisha bado lina nguvu. Mlango unafunguka. Dakika kumi na tano, ishirini, siku nyingine tano.

Kwa hiyo adhana ya Magharibi ndiyo kengele yako. Sali mapema msikiti wa karibu, au kama uko safarini unajua ruhusa yako, hilo si la kuulizwa mimi.

Bwana Fundi wa Ujiji, balbu za jirani umesema kweli tupu. Amplifaya sikubaliani nawe. Kutoka wati 100 kwenda kilowati nzima ni desibeli 10, hazifiki alama mbili kwenye mshale wa S. Mtoto akigeuza waya wake atapata hizo na chenji, kwa bei ya kamba.

---

Mtoto_wa_Chumbageni (Tanga)

Mzee, nimecheka na nimeona haya kwa pamoja. Kitufe cha spliti nilikuwa nakijua, nilidhani ni cha watu wa satelaiti.

Nimetoka nje kwenda kuutazama waya. Ni kweli, kibla na kusini kabisa. Tatizo mashariki sina mti. Kuna mnazi wa jirani lakini umeinama, na yeye anaogopa radi. Nifanye nini? Pia hizo mita 6 nilizosema, ni fupi?

Halafu saa. Kwenye vile vibao vya mtandaoni wanaandika saa za UTC, nachanganyikiwa kila siku.

---

Umm_Salim (Muscat)

Assalamu alaykum. Ami wa Kibokoni, nimependa hiyo saa yako, siku ukichoka nayo unikumbuke.

Mwanangu wa Chumbageni, mimi naongeza la FT8, namna ya kompyuta kupelekeana ujumbe mfupi kwa redio, maana siku hizi misafara mingi ya wapiga redio visiwani inaweka redio moja au mbili huko. FT8 ilitoka mwaka 2017, na kwa sisi wenye antena za juu ya paa la ghorofa ni rehema. Kila zamu ni sekunde 15. Kwa hiyo jambo la kwanza, saa ya kompyuta. Ikipotoka zaidi ya sekunde moja au mbili, mawasiliano yanaharibika pande zote mbili. Mimi nilipoteza jioni mbili za kituo cha Karibi kwa sababu ya laptopu ya mwanangu iliyokuwa nyuma sekunde tatu.

Pili, misafara hutumia namna inayoitwa Mbweha na Mbwa. Kituo adimu ni mbweha, sisi wote mbwa wa kuwinda. Mbweha anasema chini, hezi 300 hadi 900. Mbwa wanabwekea juu ya hezi 1000. Akikujibu, programu yenyewe inakuhamisha ushuke kwake. Usimwite kwa mpangilio wa kawaida, na usimtafute 14.074, masafa ya kawaida ya FT8, hayupo huko, huwa wanatangaza masafa yao wenyewe. Wakisema wanatumia Super Fox, hakikisha programu yako ni toleo jipya, la zamani halimwoni kabisa.

Na hata kama hutaki kufanya FT8, itumie kupima. Piga CQ, ule mwito wa kumwita yeyote anayesikia, dakika kumi, halafu fungua tovuti ya PSK Reporter uone ramani ya waliokusikia. Usiniulize mimi kama antena yako ni nzuri. Waulize wao.

Hapa Oman mchezo huu una heshima yake, marehemu Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na kolisaini, A41AA. Bibi yangu wa Unguja alikuwa akisema mimi nazungumza na majini. Nilimwambia, bibi, kama mfalme naye anazungumza nao basi hawana ubaya.

---

Mzee_wa_Kibokoni (Mombasa)

Waalaykum salaam Bi Umm Salim. Saa siitoi, lakini ukija Mombasa utaiona ukinywa kahawa. Mimi FT8 inanishinda, si kwa ugumu. Nashindwa kukaa nikitazama kompyuta yangu ikiamkiana na kompyuta ya mtu. Ila nakubali, kuna vituo vilivyoko kwenye daftari la watu wengi leo kwa sababu yake tu.

Mwanangu, tuanze na saa maana itakuumiza baadaye. Sisi Waswahili tuna hesabu yetu rahisi. Saa za mchana, ongeza tatu. Saa 3 asubuhi ni 06:00 UTC. Saa 12 jioni ni 15:00. Saa za usiku, ongeza kumi na tano. Saa 3 usiku ni 18:00. Ikifika ishirini na nne au kuzidi, toa ishirini na nne. Mimi nina saa ya pili, ya plastiki, iko kwenye UTC siku zote, siigusi.

Mita 6 kwa bendi ya mita 20 ni chini. Mawimbi mengi yanapanda wima kama moshi wa jiko, na wewe unataka yaondoke yakiwa yamelala. Lakini usihangaike na mnazi wa jirani. Wewe ni mtu wa Tanga, kwa nini uko nyumbani?

Nenda baharini. Maji ya chumvi ni kitu ambacho Mjerumani wa kule milimani angelipia dhahabu. Antena ya wima ikisimama pwani, maji yakiwa mbele yake, mawimbi hutoka chini kabisa, karibu yanagusa bahari. Mimi hutumia upondo. Ndio, upondo wa ngalawa. Waya wa mita 5 na sentimita chache nimeuzungushia utepe juu ya upondo, hiyo ni robo ya wimbi kwa 14.2. Chini, waya nne za urefu huohuo, nazitandaza kwenye mchanga, au nazinyanyua futi moja kwa vijiti vya mkoko. Hauna ubavu wala ncha, unasema kila upande. Kusini unaipata, na ya bure.

Pia kuna kipimo cha njia ambacho watu wanakipuuza. Kwenye 14.100 kuna bikoni 18, vituo vinavyojirusha vyenyewe ili watu wapime njia, zilizotawanywa duniani, zinapokezana sekunde kumi kumi, mzunguko mzima ni dakika tatu. Moja ni jirani yetu, 5Z4B, Nairobi. Kila moja hutaja kolisaini yake kwa Morse, kisha mistari minne: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Ile ya Hawaii, KH6RS, ndiyo itakayokwambia habari za Pasifiki. Ukiusikia mstari wake wa pili, basi wati 10 zimefika kwako kutoka kule, na wewe una 100 unalalamika. Njia ya Hawaii ni tofauti, kaskazini-mashariki, lakini mlango ukifunguka huko mara nyingi na huku unaanza kulegea.

Usidhani mimi nazipata zote. Bouvet ya Februari 2023, 3Y0J, niliwasikia siku mbili. Wale jamaa walivuta vyombo vyao kwa kamba kutoka kwenye mawimbi ya barafu, na mimi hapa kilomita 6,500 nilikuwa naona uvivu kuvuka feri ya Likoni na upondo. Nikaita kutoka nyumbani, juu ya mabati ya Mji wa Kale, sikupata. Siku niliyoamua kwenda, walikuwa wanaondoka. Mpaka leo nikipita pale ferini nakumbuka.

Crozet nilifaulu, FT8WW. Msichanganye, hiyo ni kolisaini, si FT8 ya Bi Umm Salim, ingawa watu walitaniana sana. Alikuwa mtu mmoja peke yake, tangu Disemba 2022 hadi Machi 2023. Wiki za mwanzo watu walikuwa kama nzige. Sikuita hata mara moja, nilisikiliza tu nikijaza daftari, nikamjua anaanza saa ngapi, anachoka saa ngapi, anapenda kusikiliza wapi. Nikaingia siku ya kazi, wikendi imepita, Ulaya wako ofisini. Miito mitatu.

Na wa karibu wanaweza kuwa wagumu kuliko wa mbali. Juan de Nova, FT4JA, 2016, iko Mlango wa Msumbiji, kutoka kwangu hazifiki kilomita 1,500. Kwenye mita 10 Ulaya nzima inamsikia, mimi kimya kabisa, mawimbi yananiruka juu ya kichwa. Ilibidi nishuke mita 40, usiku, ndipo nikamkuta kama yuko Kilindini.

Jambo la mwisho na nikalale. Kabla hujamwita tena, fanya jioni moja ya kinyume. Nenda mita 15, piga CQ wewe mwenyewe, tulia mahali pamoja. 5H, Wajapani na Waitaliano watakuangukia. Hapo utajua mtu aliye kisiwani anasikia nini, na ni sauti ya namna gani unayoichagua wewe kwenye ule mvumo. Si ile ya kelele zaidi. Utaona.

---

Fundi_Ujiji (Kigoma)

Mzee, kuhusu amplifaya nimenyamaza. Sisi wa ziwani maji yetu hayana chumvi, ndiyo maana tuna hasira.

---

Mtoto_wa_Chumbageni (Tanga)

Narudi na taarifa, siku ya tisa.

Mjomba wangu ni mvuvi, nimemwomba upondo wa akiba akaniuliza nakwenda kuvua nini. Nimeufunga waya kama ulivyosema, nikapakia betri kwenye bodaboda mpaka Raskazone. Siku ya kwanza sikuita. Nililala kwenye mkeka na daftari. Mbu walinila, watoto wakanizunguka wakiuliza kama napima samaki. Nikaona anapanda robo robo kilohezi, siyo nusu, na akifika 14.208 anarudi.

Siku ya pili nilifanya lile la CQ, mita 15. Mzee, nilipata watu 41 kwa saa moja nikachanganyikiwa. Ni kweli, niliokuwa nawajibu ni wale waliongoja kidogo wenzao wamalize, wale wa kupiga kelele walikuwa ukuta tu. Kulikuwa na mmoja aliita bila kupumzika, nikamjua mara moja. Ni mimi wa juzi.

Jana nikaenda mapema, maji yalikuwa yanajaa, waya mbili za chini zikaingia majini kabisa. KH6RS niliusikia mstari wa kwanza na wa pili, na wa tatu nadhani, sitaapa. Adhana ilipoanza msikiti wa nyuma yangu, sauti ya yule wa Marquesas kwenye redio ikapanda ghafla kama mtu kafungua dirisha. Nilikuwa nimemtangulia, 14.207. Nikatazama taa ya spliti, inawaka. Nikaita mara moja. Kimya kama cha sekunde mbili, halafu nikasikia kolisaini yangu, ila herufi ya mwisho ameikosea. Mikono inatetemeka. Nikarudia ile herufi ya mwisho mara tatu, akairudia sawasawa, "tano saba, asante Tanzania". Nikampa yake, akaenda zake kwa Mjapani.

Watoto walipiga makofi bila kujua ni nini. Nimeandika kwenye daftari: FO, Marquesas, 14.195, saa 12:19. Nimeshaiingiza na kwenye LoTW, daftari la mtandaoni linalolinganisha rekodi za pande mbili, usiku huohuo, bado haijajibu.

---

Mzee_wa_Kibokoni (Mombasa)

Hongera sana mwanangu. Ulichofanya cha maana zaidi ni kusimama kwenye ile herufi. Wengi wangeshangilia na kuondoka, halafu kwenye daftari lake wakawa mtu mwingine.

Lakini haitajibu. 12:19 ni saa ya mjombako. Yule wa Marquesas ameandika 15:19 ya UTC, na LoTW inavumilia tofauti ya dakika 30, si saa tatu. Sahihisha leo, ingiza upya.

Na umrudishie mzee wa watu upondo wake kabla hajatoka na maji ya alfajiri.